Tubulini Moja, Kazi 17

Mheshimiwa mkuu wa shule, walimu wenzangu, wazazi mliotenga asubuhi yenu, na nyinyi wanafunzi ambao siku hii ni yenu: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na shikamooni kwa wote wanaostahili shikamoo yangu. Katika ukumbi huu nadhani hawazidi wanne.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie sayansi na maendeleo. Mtanisamehe. Hotuba hiyo mmeshaisikia, na mtaisikia tena kabla mwaka haujaisha. Mimi nimekuja na kidudu kimoja tu, tena nimekuja kuzungumzia sehemu moja tu ya mwili wake.

Kidudu chenyewe ni siliati, kiumbe wa seli moja anayeogelea kwa vinywele vyake. Waliofika kwenye mada ya Protoctista wanamjua mmoja wao, Paramecium. Mmemchora, mkamwekea vinywele pembeni, mkaandika "silia" kwa penseli iliyochongwa vizuri, mkapata alama zenu. Kitabu kikawaambia huyo ni kiumbe sahili. Hapo ndipo ninapogombana na vitabu. Paramecium mmoja ana silia kama 4,000, na kila moja ni mashine iliyoundwa kwa protini za aina mamia kadhaa. Sisi tumegawana kazi: ini lina lake, figo lina lake, koo lina lake. Yeye ana seli moja, na ndani ya hiyo moja lazima apate mdomo, koo, pampu ya kutoa maji yaliyozidi, mahali pa kutolea uchafu, na maelfu ya makasia yanayopiga kwa zamu. Kwa maoni yangu seli iliyopangwa kwa ustadi kuliko zote haimo mwilini mwa binadamu. Imo kwenye dimbwi.

Paramecium nitamrudia baadaye. Leo mwenyeji wetu ni jamaa yake mdogo, Tetrahymena thermophila, ambaye kwao ni mabwawa na vijito vya mashariki ya Amerika ya Kaskazini, ingawa ndugu zake wako karibu kila mahali penye maji yasiyo ya chumvi. Urefu wake ni mikromita 50 hivi; wapange 20 kichwa kwa mkia ndipo watimize milimita moja. Ukimpa chakula na joto la nyuzi 30 anagawanyika kila baada ya saa tatu hivi, na kwa mtafiti mwenye haraka hiyo ni neema. Mwaka 1923 Mfaransa André Lwoff, wakati huo kijana wa miaka ishirini na kitu, alifaulu kumkuza ndugu wa huyu wetu peke yake, bila bakteria hata mmoja, ndani ya mchuzi wa virutubisho. Tangu hapo maabara hazikumwachia. Kwake ndiko Thomas Cech alikoona mwaka 1982 kwamba RNA, molekuli iliyo jamaa ya DNA, inaweza kujikata yenyewe bila msaada wa protini. Kwake pia ndiko Carol Greider na Elizabeth Blackburn walikokipata kimeng'enya kinachorefusha ncha za kromosomu. Tuzo mbili za Nobel hizo, ya 1989 na ya 2009, na zote nazipita mbio, kwa sababu kila moja inataka asubuhi yake.

Ninachotaka ni kiunzi.

Kiunzi chetu sisi ni mifupa, na mfupa wa mtu mzima hauhami kutoka mguuni kwenda mkononi. Kiunzi cha seli kina tabia nyingine. Hujengwa, hubomolewa, vipande vyake huchukuliwa na kujengea mahali pengine, na yote hayo seli ikiwa inaogelea na kula. Sehemu yake kubwa ni vijibomba viitwavyo mikrotubuli. Kimoja kina upana wa nanomita 25. Ng'oa unywele mmoja kichwani. Upana wake unatosha mikrotubuli kama 3,000 zikilala ubavu kwa ubavu.

Kijibomba hicho hujengwa kwa protini iitwayo tubulini. Tubulini huja kwa jozi, alfa na beta zimeshikana, na jozi moja ina urefu wa nanomita 8. Jozi hupandana zikafanya uzi, nyuzi 13 zikasimama kwa duara, zikashikana mbavu, kijibomba kikatimia. Jozi zote hutazama upande mmoja. Kwa hiyo kijibomba kina ncha mbili zisizofanana, moja ikikua haraka na nyingine polepole, na protini zinazotembea juu yake hujua zinakwenda wapi kwa kuufuata mwelekeo huo. Likumbukeni hilo la mwelekeo, tutalihitaji.

Sasa fumbo lenyewe.

Mkate Tetrahymena vipande vyembamba, mtazame kwa hadubini ya elektroni, kisha hesabu mifumo ya mikrotubuli iliyomo. Wanaofanya kazi hiyo walifika 17. Kuna mikrotubuli ndani ya silia. Kuna zile za shina la kila silia, pale inapootea chini ya ngozi. Kutoka kwenye shina hilo hutoka utepe mmoja kwenda nyuma na mwingine kwenda ubavuni. Kuna mikanda mirefu inayofuata kila safu ya silia kutoka mbele mpaka nyuma. Kuna za mdomo, za koo, na za kushikilia tundu la pampu ya maji. Halafu huyu bwana ana viini viwili, kimoja kikubwa cha kazi za kila siku na kimoja kidogo kinachotunza urithi, na kila kimoja kina mikrotubuli zake wakati wa kugawanyika. Akifika wakati wa kujamiiana anajenga nyingine za kusogeza viini kutoka kwa mwenzi mmoja hadi kwa mwingine.

Mtu angetegemea kwamba kila mfumo una tubulini yake, na kila tubulini ina jeni yake. Binadamu ana jeni kadhaa za alfa na kadhaa za beta, kwa hiyo wazo si la kijinga. Lakini Tetrahymena ana jeni moja ya alfa. Za beta ni mbili, na zote mbili zinatoa protini ileile, asidi amino kwa asidi amino. Jenomu yake, yaani DNA yake yote, ilipochapishwa mwaka 2006 ilikadiriwa kuwa na jeni 27,000 hivi, wakati sisi tunakadiriwa kuwa na 20,000 hivi. Ndiyo, mheshimiwa mkuu, kidudu kinatuzidi. Zilijitokeza humo tubulini nyingine chache za pembeni. Lakini umbo lote mnaloliona likiogelea limejengwa na jozi ileile moja ya alfa na beta.

Na msidhani Tetrahymena ndiye fundi mkuu wa ukoo. Kuna siliati aitwaye Nassula, ambaye chakula chake ni sianobakteria warefu wa uzi, marefu kuliko mwili wake mwenyewe. Kooni amejijengea ngome ya fito zilizosimama kwa duara, na kila fito ni mamia ya mikrotubuli zilizopangwa kwa pembe sita bila kukosea hata moja. Uzi wa chakula huingizwa katikati ya fito, hupindwa, huvutwa, mpaka unamezwa wote. Kuna na Suctoria, ambao wakiwa wakubwa silia huziacha kabisa. Hukaa mahali pamoja wakitoa minyiriri, na ndani ya kila mnyiriri mna mikrotubuli zilizojipanga kwa mduara. Siliati mwingine akipita akaugusa, ananasa, na utumbo wa mwili wake unanyonywa kupitia humo akiwa bado anapiga silia zake. Tubulini hiyohiyo. Wenye roho nyepesi wasamehe, lakini mimi sijaona filamu ya kutisha inayofikia hapo.

Basi kitu kimoja kinafanyaje kazi 17? Majibu yapo ya namna tatu, na la tatu ndilo linaloninyima usingizi.

La kwanza ni marafiki. Mikrotubuli haikai peke yake. Thamani yake hutokana na protini zinazoishika. Hapa silia ndiyo mfano bora. Ikate silia kwa upana utaona jozi tisa za vijibomba pacha zimezunguka vijibomba viwili vya katikati. Mwaka 1963, katika Chuo Kikuu cha Harvard, Ian Gibbons alichukua silia za Tetrahymena, akaziondolea utando, akaona kila pacha ana mikono midogo iliyonyooshwa kuelekea pacha wa pili. Aliziweka kwenye maji yenye chumvi kidogo na kemikali ya kunyonya madini. Mikono ikang'oka ikabaki majini, na pamoja nayo ukaondoka sehemu kubwa ya uwezo wa kuvunja ATP, ile nishati ya seli. Akarudisha magnesiamu, na mikono mingi ikarudi ikajipachika mahali pake. Napenda jaribio hilo kuliko majaribio mengi yaliyogharimu mamilioni. Hakukuwa na kompyuta, hakukuwa na jeni iliyokatwa. Kulikuwa na silia, chumvi na jicho linaloona.

Protini ya mikono hiyo ni dineini. Hushika pacha jirani, huvunja ATP, huvuta, huachia, hushika tena. Vijibomba hutelezeana. Mwaka 1971 Gibbons na Keith Summers walilionyesha hilo waziwazi kwa mikia ya mbegu za uzazi za urchini wa baharini: walikata kwa kimeng'enya vifungo vinavyounganisha vijibomba, wakatia ATP, na vijibomba vikachomoka vikitelezeana mpaka mkia ukawa mrefu mara kadhaa. Vifungo vikiwepo kuteleza huko hakuwezi kwenda mbali, kwa hiyo silia inapinda. Kule kupiga maji mnakokuona kwenye hadubini ni kuteleza kulikozuiliwa.

Wazazi, hili linawahusu. Njia zetu za hewa zina silia za mpango huohuo, tisa na mbili, zenye dineini zilizo ndugu wa hizo. Zinasukuma kohozi na vumbi kwenda juu. Mwaka 1976 mtafiti Msweden, Björn Afzelius, aliandika juu ya watu waliokuwa na kikohozi kisichokwisha na maambukizi ya mara kwa mara kwenye kifua na kwenye matundu ya hewa ya mifupa ya uso, na wanaume miongoni mwao wakiwa na mbegu zisizoogelea. Alipozitazama silia zao, mikono ya dineini haikuwepo. Baadhi yao moyo ulikuwa kulia, ini kushoto. Leo tunajua sababu: kiinitete kikiwa bado kichanga sana, silia ndogo husukuma majimaji kwenda upande mmoja, na kwa huo mkondo mwili unajua kushoto kwake. Mkondo usipokuwepo, mwili unabahatisha, na karibu nusu ya wenye ugonjwa huo viungo vyao viko kinyume. Wanaochunguza jeni za ugonjwa huu mara nyingi humrudia Tetrahymena, kwa sababu jeni kwake inakatwa kwa wiki chache na matokeo yanaonekana: anaogelea au haogelei.

Jibu la pili ni alama. Tubulini ikishajengwa, seli huibandika vitu. Nitaliweka kwa kanga. Pamba ni ileile, vipimo ni vilevile, lakini hakuna mwanamke wa pwani atakayechukua kanga yoyote tu kwenda nayo msibani au harusini. Anatazama mji, anatazama pindo, anasoma jina. Mikrotubuli nayo mwili wake ni uleule, jina liko mkiani. Tubulini zote zina mkia mfupi unaoning'inia nje ya kijibomba, na vimeng'enya huuongezea mnyororo wa glutamati au mnyororo wa glisini, zote mbili asidi amino, mfupi au mrefu. Minyororo ya glisini iligunduliwa kwa Paramecium mwaka 1994. Inapatikana zaidi kwenye silia na mashina yake kuliko kwenye mifumo mingine ya ndani. Protini zinazopita husoma: hapa shika, hapa kata, hapa usikae.

Mnaopenda sayansi iliyonyooka mtasikitika kidogo, maana historia ya alama hizi ina kona. Alama iliyokuwa maarufu kuliko zote ni asetili, kikundi kidogo cha atomu, ambayo hubandikwa kwenye asidi amino namba 40 ya alfa, iitwayo laisini, tena ndani ya kijibomba, si nje. Vitabu vilikuwa vikiitaja kwa heshima kubwa. Mwaka 1995 Jacek Gaertig na wenzake walibadilisha laisini hiyo kwa Tetrahymena ili isibandikike kitu. Seli zikaogelea, zikala, zikagawanyika, hazina habari. Mwaka 2010 maabara ya Gaertig, Chuo Kikuu cha Georgia, ilishiriki kukipata kimeng'enya kinachobandika asetili hiyo. Na mwaka 2017 wengine walionyesha kwamba asetili huisaidia mikrotubuli kuhimili kupindwapindwa mara nyingi bila kuvunjika. Kumbe ilikuwa na kazi, ila si kazi inayoonekana kwa seli iliyostarehe ndani ya chupa ya maabara.

Glisini nayo ilikwenda kinyume. Mwaka 2000 kundi la Martin Gorovsky huko Rochester lilizifuta zile sehemu za mkia wa beta zinazobandikwa minyororo. Zilipofutwa za kutosha, seli zilikufa. Zilipofutwa kwa kiasi, silia ziliharibika na seli zikashindwa kumaliza kugawanyika. Kila mtu akasema: glisini ni uhai. Mwaka 2009 vikapatikana vimeng'enya vinavyobandika glisini hizo, vikaondolewa, na seli zikaishi. Silia zilikuwa fupi, lakini seli ziliishi. Ikabidi turudi nyuma na kukumbuka kwamba sehemu hizohizo za mkia hubandikwa glutamati pia, na kwamba kufuta ukurasa si sawa na kumnyima mwandishi wino. Nawaeleza haya kwa makusudi. Kwenye kitabu cha shule matokeo ya 2000 na ya 2009 yangekaa kwenye sentensi moja yenye utulivu. Maabarani miaka hiyo haikuwa na utulivu.

Sasa jibu la tatu, na hapa ndipo ninapowataka wanafunzi wa kidato cha nne waamke.

Silia za siliati hazikutapakaa ovyo. Ziko kwa safu. Tetrahymena ana 18 mpaka 21, kutoka mbele kwenda nyuma. Chini ya kila silia kuna lile shina, na shina lina upande wa mbele, wa nyuma, wa kulia na wa kushoto, kwa sababu tepe zake za mikrotubuli na uzi wake wa milia, usio wa tubulini, kila kimoja kina uelekeo wake usiobadilika. Seli inapotaka kugawanyika, huongeza mashina. Shina jipya halitokei popote. Linajengwa ubavuni mwa la zamani, upande wa mbele, ndani ya safu ileile, kisha linajisogeza na kujielekeza kama mzee wake alivyoelekea.

Ule uzi wa milia si pambo. Silia inapopiga maji, maji nayo yanaisukuma, na shina lisiposhikwa litazunguka. Mwaka 2014 watafiti wa Colorado waliripoti juu ya protini waliyoiita DisAp, iliyo sehemu ya uzi huo. Kwa Tetrahymena wasio na DisAp iliyo nzima, nyuzi ni fupi na mashina yanapotea njia, safu zinavurugika. Na ukiwaongezea joto ili silia zipige kwa nguvu zaidi, vurugu inazidi. Kwa wenye nyuzi nzima, nguvu ikizidi nyuzi hurefuka. Yaani makasia yenyewe yanaiambia seli ijifunge kwa uthabiti kiasi gani.

Turudi kwa Paramecium, kama nilivyoahidi. Hawa hujamiiana kwa kushikamana ubavu, kubadilishana viini na kuachana. Mara chache sana kuachana kunakwenda kombo, na mmoja anaondoka na kipande cha ngozi ya mwenzake kikiwa kimepandikizwa kwake kichwa chini miguu juu. Sasa ana safu chache za silia zinazotazama nyuma wakati nyingine zote zinatazama mbele. Anaogelea akiyumba. Janine Beisson, aliyetoka Ufaransa, na Tracy Sonneborn wa Chuo Kikuu cha Indiana waliwafuatilia viumbe wa namna hiyo, na mwaka 1965 wakachapisha walichokiona. Walipogawanyika, watoto wao walikuwa na safu zilizopinduka. Wajukuu pia. Mamia ya vizazi vikapita, safu zikabaki zimepinduka.

Kila mwenye akili hapo atasema: jeni imebadilika. Ndivyo nao walivyojiuliza. Waliwajamiisha waliopinduka na walio wima, wakabadilishana viini, na hata majimaji ya ndani ya seli. Aliyekuwa na safu zilizopinduka akabaki nazo hata alipopewa kiini cha mwenzake, na aliyekuwa wima akabaki wima. Jeni hazikuwa na habari na jambo lile. Kilichokuwa kikirithiwa ni mpangilio wenyewe: shina jipya linajengwa kwa kulitazama la zamani, la zamani limepinduka, basi na jipya linapinduka. Miaka kadhaa baadaye, mwaka 1977, Stephen Ng na Joseph Frankel waliripoti safu zilizogeuzwa nyuzi 180 kwa Tetrahymena pia.

Mkiulizwa kwenye mtihani "taarifa za urithi hubebwa na nini", andikeni DNA, mpate alama, msiniharibie jina kwa mwalimu wenu. Lakini mjue kwamba kuna seli mbili, zenye DNA ileile, tubulini ileile, zinazokula chakula kilekile kwenye chupa moja, na bado haziogelei sawa, na tofauti hiyo inapokelewa na watoto wao. DNA inaandika tubulini. Inaandika dineini, vimeng'enya vya kubandika glisini, na DisAp. Kwamba shina la silia ya leo liegemee upande gani, hilo linaamuliwa na shina lililokuwepo jana.

Msiende mbali na kusema basi kila kitu ni hivyo. Mdomo unatoa mfano mzuri wa kuzuia pupa. Tetrahymena akikaribia kugawanyika, seli ya mbele itabaki na mdomo wa zamani, lakini ya nyuma haina, kwa hiyo mdomo mpya hujengwa katikati ya mwili kabla ya kukatika. Huanzia kando ya safu moja mahususi, ileile kila mara. Mashina ya silia huzaana hapo na kujazana bila mpango wowote. Ukiwakuta wakati huo utadhani seli imepatwa na maradhi. Halafu, dakika chache chache, yanajipanga wawili wawili, yanajiunga kwa mistari, mpaka vinapatikana vipande vinne vya silia kama vya mdomo wa mwanzo. Mdomo ule wa zamani uko mbali, haukunakiliwa. Mahali pa kuanzia ndipo panapoamuliwa na safu iliyopo. Mchoro wenyewe unajitokeza kutokana na protini zinavyoshikana. Ni protini zipi, na zinapeana ishara gani, ndiyo kazi ya maabara nyingi sasa hivi. Hadubini za elektroni za sampuli zilizogandishwa zimeshaonyesha kwamba hata ndani ya vijibomba vya silia za Tetrahymena kumejaa protini nyingine kwa makumi, zimepangwa kwa vipimo visivyokosea, mahali ambapo tulipokuwa tukisoma sisi tuliambiwa pako wazi.

Nimeambiwa muda umeisha, na naona mwalimu wa zamu ameshaanza kutazama saa bila kujificha.

Kwenye meza za nyuma kuna hadubini, na maji ambayo wenzenu wa kidato cha tatu waliloweka majani makavu siku kadhaa zilizopita. Siliati wamo wengi. Anzeni na kikuzo kidogo, maana ukianza na kikubwa utaona vumbi likipita kwa kasi na hutajua lilikuwa nini. Mkimwona aliyejigonga kwenye uchafu, mtazameni: atarudi nyuma, atageuka kidogo, atajaribu tena, kwa sababu kalisi imeingia kwenye silia na kugeuza mapigo yake. Mikrotubuli zenyewe hamtaziona, ni nyembamba mno kwa mwanga. Mkibahatika kumpata aliyejibana katikati, msimpoteze, wekeni na jani la karatasi pembeni mwandike dakika kwa dakika mpaka akatike. Maswali mepesi mpelekeeni mwalimu wenu wa baiolojia, ingawa ana madaftari ya kusahihisha. Magumu nileteeni mimi, nitakuwa pale karibu na chai.